Usiguse Gurudumu Mpaka Upime Matano

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na huenda wengine mlidhani nimeacha kuandika. La hasha! Jumamosi zangu zilimezwa na kazi isiyolipa hata shilingi moja, lakini imenifunza jambo ambalo miaka yangu minne ya shahada ya sayansi ya tarakilishi haikunifunza. Leo nawasimulia. Ni habari ya mkate, takwimu, na programu niliyolazimika kuiandika mara mbili kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa pambo tu.

Ilianza hivi. Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo kikuu anafundisha hisabati katika chuo kimoja cha ufundi. Wanafunzi wake wanasomea teknolojia ya vyakula: mikate, maziwa, juisi, mambo kama hayo. Tangu mafunzo ya ufundi nchini yaingie katika mfumo wa umilisi, ule tunaouita CBET, mwanafunzi hawezi kukaa darasani tu. Lazima aende kiwandani kwa atachimenti, na msimamizi wa huko aandike kwenye logibuku yake. Sasa rafiki yangu alikuwa na kilio kimoja. Wanafunzi walikuwa wakipita mtihani wa takwimu vizuri, lakini wakirudi kutoka atachimenti walisema hawakuziona takwimu popote. Kwao, takwimu zilikuwa kitu cha kuandikwa ubaoni na kufutwa.

Akaniomba nije na laptopu, niwatengenezee programu ndogo ya kuwasaidia. Mimi nikaona hiyo ni kazi ya jioni moja. Nikajiambia, shida ya hawa ni kuhesabu kwa mkono. Tarakilishi ikiwahesabia, watabaki na nafasi ya kuelewa.

Basi nikatengeneza. Unabandika namba, unabofya kitufe, unapata wastani, unapata mkengeuko sanifu (ile standadi divieshoni iliyotutoa jasho shuleni, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani), na grafu yenye rangi tatu. Nikawaonyesha kwa kutumia mfano wa kitabuni, urefu wa wanafunzi 40. Wakapiga makofi. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Kumbe kuna dada mmoja alikuwa amebaki nyuma siku hiyo akinisubiri.

"Mwalimu, naomba kukuuliza kitu." Mimi si mwalimu, lakini katika chumba kile anayeshika chaki ni mwalimu. Akafungua logibuku yake. Alikuwa amerudi juzi tu kutoka kiwanda cha mikate, na msimamizi wake alikuwa ameandika maneno machache kwa kalamu nyekundu: hajui kurekebisha mashine, amesababisha hasara ya toroli mbili za mkate.

Hebu niwaeleze kidogo kazi yenyewe. Mkate wa gramu 400 mnaoununua dukani huanza kama donge la unga uliokandwa lenye uzito zaidi ya huo, maana maji hupotea kwenye tanuri. Kiwandani hapo walilenga gramu 455 kwa kila donge. Mashine ya kukata madonge haipimi uzito. Inapima ujazo: unga unaingia kwenye chumba kidogo, chumba kikijaa, unakatwa. Pembeni kuna gurudumu. Ukilizungusha huku donge linakuwa kubwa, ukilizungusha kule linakuwa dogo. Donge likipungua chini ya gramu 445, kuna hatari mkate wake utoke tanurini ukiwa haufiki gramu 400, na kuuza mkate mwepesi kuliko uzito ulioandikwa kwenye karatasi ni kuvunja Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513. Kwa hiyo toroli ikishukiwa, haiendi dukani.

Dada huyu alikuwa amepewa mizani na gurudumu. Na alifanya kazi kwa bidii kubwa mno. Alipima donge. Likiwa na 459, alipunguza kwa nne. Alipima linalofuata. Likiwa na 450, aliongeza kwa tano. Asubuhi nzima hakupumzika, na kila kipimo alikiandika kwa mwandiko safi. Kadiri alivyorekebisha, ndivyo madonge yalivyozidi kuruka huku na huku.

"Nilifanya makosa gani?" akaniuliza. "Na hii standadi divieshoni ingenisaidia vipi siku ile?"

Nikafungua kinywa na kumweleza fomula. Naam, fomula! Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante mwalimu." Mnaijua asante ya aina ile. Ni ya kumwambia mtu kwamba hajakusaidia kitu.

Jambo hilo liliniuma njia nzima. Logibuku ile ilikuwa sehemu ya tathmini yake, na karo yake, aliniambia, inalipwa na mamake anayeuza mboga. Usiku nikakaa kwenye laptopu, nikaandika mistari michache ya Python. Nawawekea hapa, mwenye kutaka ajaribu:

from random import gauss
from statistics import stdev

lengo = 455
mpangilio = 455
vipimo = []
for donge in range(1000):
    uzito = gauss(mpangilio, 4)
    vipimo.append(uzito)
    mpangilio = mpangilio - (uzito - lengo)

print(stdev(vipimo))

Maana yake ni hii. Tuseme mashine ni nzima, na madonge yanatofautiana yenyewe kwa mkengeuko sanifu wa gramu 4. Sasa aje mtu mwenye bidii, kila donge likikosea yeye arekebishe gurudumu kwa kiasi kile kile cha kosa. Je, madonge yatakaribia lengo zaidi?

Hapana. Mkengeuko unapanda kutoka 4 hadi karibu 5.7. Ukifuta ule mstari wa mwisho ndani ya kitanzi, yaani ukiliacha gurudumu kabisa, unarudi kwenye 4. Sababu si uchawi. Kila donge sasa linabeba makosa mawili: lake lenyewe, pamoja na la ndugu yake aliyetangulia, lililogeuzwa na kuingizwa kwenye gurudumu. Kati ya madonge 1000, ukiacha mashine itulie, kama 6 hivi yatashuka chini ya gramu 445. Ukiyafukuza moja moja, yatakuwa kama 38. Bidii ya dada yetu ilikuwa inazidisha hasara kwa mara sita!

Hili si jambo jipya. W. Edwards Deming, yule Mmarekani aliyewafundisha Wajapani habari za ubora baada ya vita, alikuwa akilionyesha kwa faneli na gololi. Unadondosha gololi kupitia faneli ukilenga alama mezani. Ukisogeza faneli kila gololi inapokosea, gololi zinatawanyika zaidi kuliko ukiiacha pale pale.

Jumamosi iliyofuata nikaingia darasani kama mshindi. Nikawaonyesha programu. Kimya. Kisha kijana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, hiyo tarakilishi yako haina unga."

Wakacheka. Nami nikacheka, lakini akaendelea: "Unga wa saa mbili asubuhi si unga wa saa nne. Unga ukikaa, unafura."

Hapo ndipo nilipokaa chini, kwa sababu kijana alikuwa na haki. Programu yangu ilidhani wastani wa mashine hausogei kamwe. Lakini unga uliotiwa hamira unaendelea kutoa gesi. Ukikaa kwenye chombo juu ya mashine, unajaa mapovu, na ujazo ule ule sasa una uzito mdogo. Kila mtu kiwandani anajua hivyo. Katika kitabu cha takwimu hakimo hata kimoja cha vitu hivyo. Wao walikuwa na sababu bila namba, nami nilikuwa na namba bila sababu, na kila upande ulikuwa ukimwona mwenzake hajui kitu.

Nikarudi kusoma. Nikakuta kwamba uchungu huu si wetu peke yetu. Kule Uholanzi, Arthur Bakker na Sanne Akkerman walichapisha mwaka 2014 utafiti juu ya wanafunzi wa ufundi wa maabara waliokuwa na shida ile ile: takwimu za shuleni zilikaa shuleni, maarifa ya kazini yakakaa kazini. Walichofanya ni kuwakutanisha wanafunzi, walimu na wasimamizi wa kazini, wazungumzie kazi halisi ambazo wanafunzi walikuwa wakizifanya. Wao huita hali hii kuvuka mpaka.

Na cha kushangaza ni kwamba hesabu hizi zilizaliwa kazini! Ile t-test ya "Student" tuliyoikariri chuoni ilitoka kwa William Sealy Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Alikuwa na sampuli ndogo ndogo na maamuzi ya kufanya juu ya shayiri na bia. Mwaka 1908 alichapisha makala yake kwa jina la kubuni kwa sababu kampuni haikuruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao. Chati ya udhibiti nayo ilichorwa na Walter Shewhart mwezi Mei 1924, alipokuwa akihangaikia ubora wa vifaa vya simu katika viwanda vya Western Electric. Sisi tuliichukua elimu hii kutoka kiwandani, tukaisafisha unga na mafuta, kisha tukashangaa wanafunzi wa kiwandani hawaitambui.

Basi nikamwambia rafiki yangu, tumwalike yule msimamizi. Dada yetu hakupenda wazo hilo hata kidogo. "Ataniaibisha mbele ya watu," alisema. Tukakubaliana kwamba hakuna atakayeitaja kalamu nyekundu ila yeye mwenyewe akitaka.

Mzee alikuja Jumamosi ya tatu na daftari kubwa lenye madoa ya mafuta. Humo, kila robo saa mtu hupima madonge matano na kuandika uzito wake. Pembeni kuna safu ya maelezo. Ilikuwa tupu karibu kurasa zote.

Niliizima laptopu. Tukatumia karatasi za grafu na rula. Kila kundi likapewa asubuhi moja, lichore wastani wa matano matano kwa kufuata saa. Dada akachagua asubuhi yake mwenyewe.

Kwanza tukaweka mistari. Wastani ni 455. Donge moja moja lina mkengeuko wa 4. Rafiki yangu akauliza, na wastani wa madonge matano je? Hili walikuwa wamelifanya kwenye mtihani: unagawa 4 kwa kipeuo cha pili cha 5, unapata kama 1.8. Mara tatu yake ni 5.4. Kwa hiyo mstari wa chini uko karibu na 450, wa juu karibu na 460. Wastani wa matano ukiwa katikati ya mistari hiyo, huna sababu ya kudhani kwamba mashine imebadilika.

Mzee akainua mkono kama mwanafunzi. "Hicho kipeuo kinatoka wapi?"

Nilitaka kujibu, lakini dada akanitangulia. "Mzee, ukipima moja, unaweza kuangukia zito au jepesi kwa bahati tu. Ukipima matano, mazito na mepesi yanafutana. Kwa hiyo wastani wa matano haurukiruki kama donge moja."

Mzee akamtazama kwa muda. "Si ndiyo maana nilikwambia usiguse gurudumu mpaka upime matano?"

"Uliniambia, Mzee. Hukuniambia kwa nini." Akainamisha macho. "Nilidhani ni uvivu wa watu wa pale."

Darasa likatulia tuli. Mzee alikuwa amerithi sheria hiyo kutoka kwa aliyemfundisha kazi, naye hakuwahi kuambiwa sababu. Dada alikuwa na sababu kwenye daftari lake la hesabu, ukurasa mzima, na hakujua ni ya sheria ile. Walisimama futi mbili kutoka kwa kila mmoja kiwandani, na kila mmoja alikuwa na nusu ya jambo.

Kisha tukaitazama grafu yake. Nukta za mwanzo zilikuwa 455, 456, 454, 455. Halafu pengo. Halafu 451, 448, 446. Baada ya hapo ndipo fujo ya gurudumu ilipoanza.

"Hapa kuna nini?" nikauliza, nikigusa pengo. Safu ya maelezo ilikuwa tupu.

Mzee akavaa miwani. "Saa tatu... Stima ilipotea siku hiyo. Jenereta ikawashwa, tukaokoa tanuri kwanza. Mashine ya kukata ilikaa kama dakika 25." Akanyamaza. "Na unga ulikuwa kwenye chombo."

Kwa hiyo uzito ulikuwa umeanza kushuka kabla dada hajagusa kitu chochote. Ile 448 ilikuwa ishara ya kweli, chini ya mstari. Mimi nikadhani nimefika mwisho wa somo, nikasema kwa furaha, "Basi hapo ndipo pa kuzungusha gurudumu!"

"Hapana," Mzee akasema, na wanafunzi watatu wakasema naye kwa pamoja. Ukilizungusha gurudumu kwa ajili ya unga uliofura, unga mpya ukija madonge yatakuwa mazito kupita kiasi. Hapo unautoa ule unga uliokaa, unaurudisha uchanganywe kidogo kidogo na unga mpya, na gurudumu unaliacha.

Ndugu zangu, hili ndilo lililonifanya niandike leo. Takwimu zilijua lini pa kusimama na kuuliza. Hazikujua kabisa la kufanya. Mzee alijua la kufanya, lakini bila mistari ile hakuwa na njia ya kumwonyesha mgeni tofauti kati ya donge lililokosea kwa bahati na mashine iliyobadilika. Na ni mwanafunzi peke yake anayeenda pande zote mbili. Tukimwachia yeye mzigo wote wa kuunganisha, bila mtu wa kumshika mkono, kalamu nyekundu itaandikwa tu.

Je, logibuku ilibadilishwa? Mzee alikataa kufuta alichoandika. Alisema toroli mbili zilipotea na hilo ni kweli. Lakini aliomba kalamu, akaongeza mstari chini yake: stima ilipotea, unga ulikaa, mwanafunzi hakuelezwa. Kisha akamwambia dada arudi kwa wiki mbili nyingine. Sikutarajia zaidi ya hapo, na kusema kweli naheshimu kwamba hakufuta.

Nami nikarudi kwa programu yangu, nikaivunja. Ile ya kwanza ilikuwa na sanduku moja tu la kubandika namba, na namba zikishabandikwa bila saa wala maelezo, hata Mzee mwenyewe asingeweza kuona kilichotokea. Rangi zangu tatu zilikuwa zimepaka jambo lenyewe. Mpya ni chakavu kuitazama. Unaingiza madonge matano kwa saa yake. Inachora nukta kwa kufuata muda. Nukta ikitoka nje ya mistari, haisemi rekebisha. Inauliza swali moja: "Nini kilitokea?" Na haiendelei mpaka uandike. Mwanafunzi wa maziwa ameiomba aitumie kwenye mafuta ya maziwa. Nimemwambia kwanza aniletee mtu wa kiwanda chake, tukae naye.

Halafu nikajitazama mwenyewe. Ofisini kwetu, seva ikichelewa kujibu mara moja, mimi huwa wa kwanza kubadilisha mpangilio. Ikichelewa tena, nabadilisha tena. Jioni sijui lipi lilisaidia na lipi liliharibu, na safu yangu ya maelezo ni tupu kuliko ya kiwanda. Nimebandika karatasi juu ya skrini yangu: USIGUSE GURUDUMU MPAKA UPIME MATANO. Mwenzangu wa meza ya pili aliuliza ni methali ya wapi. Nikamwambia ni ya watu wa mikate.

Kwa leo nakomea hapo. Kama una ndugu au mtoto aliye atachimenti, jioni akirudi usimuulize tu kama amechoka. Muulize ni kitu gani huko hupimwa, na wazee wa kazi hufanya nini kipimo kikienda kombo. Kisha mwambie afungue daftari lake la hesabu. Tutaonana Jumamosi ijayo, nikiwa sina unga kwenye viatu.